Kutoka Ifakara hadi Yverdon: Renatus Njohole na Daftari la Mpira

Bonde la Kilombero, lililolala baina ya safu ya Udzungwa upande mmoja na vilima vya Mahenge upande wa pili, huufuata mpira wa miguu kwa kalenda ileile inayofuatwa na mpunga. Tokea masika yanaposhika nguvu mwezi Machi hata mwishoni mwa Mei, mto hutoka katika kingo zake ukaenea mbugani, na watoto wa Ifakara na vijiji vyake hucheza penye kila kipande cha ardhi kilichoinuka, kando ya reli, uani mwa shule, au mbele ya maduka yaliyokwisha kufungwa. Lakini mpunga ukiisha kuvunwa, Juni na Julai, bonde zima hugeuka kiwanja kimoja kisicho na ua wala mwamuzi, mabua yake yakichoma nyayo za wachezaji, na hapo ndipo huanza chandimu za watoto na ndondo za wakubwa, ambazo mshindi wake hupewa mbuzi, na mshindwa hupewa maneno ya kumtosha mwaka mzima.

Katika mji wa Ifakara ndimo alimozaliwa Renatus Njohole, kiungo aliyeichezea Simba ya Dar es Salaam, akaitwa Taifa Stars, kisha mwanzoni mwa karne hii akaenda Uswisi kuichezea Yverdon-Sport, na ambaye siku zake za kucheza zilipokwisha alishika filimbi akawa mwalimu wa vijana hukohuko ughaibuni. Hakuwa mchezaji mashuhuri kupita wote ambao nchi hii imewatoa. Sunday Manara alikwisha kutangulia Ulaya katika miaka ya 1970, alipoichezea Heracles ya Uholanzi, na Mbwana Samatta, aliyekuja baada yao wote, alifika hata Ligi Kuu ya Uingereza akiwa na Aston Villa mwaka 2020. Lakini hao wawili wameandikwa sana, na wataandikwa tena. Ilhali safari ya Njohole, iliyopita kimya kimya katika mji mdogo wa Ulaya, ina faida ya peke yake kwa msomaji wa bondeni, kwa kuwa ndani yake mna mambo mawili ambayo sisi aghalabu hatuyaweki pamoja, yaani namna mchezaji anavyofundishwa na namna anavyoandikwa.

Jina la Njohole lenyewe halikuwa geni masikioni. Nico Njohole na Deo Njohole walikwisha kuivaa jezi nyekundu ya Simba kabla ya Renatus, katika zama ambazo mpira wa Dar es Salaam uliwafikia watu wa bara kwa sauti peke yake, na redio moja ya betri ilitosha mtaa mzima. Sauti ya mtangazaji Ahmed Jongo ilikuwa na uwezo wa kumfanya mtu aliyekaa juu ya gunia la mpunga kilomita zaidi ya 400 kutoka uwanjani ainuke, ashike kichwa, kisha akae tena. Ndivyo walivyosikia mwaka 1979 kwamba Simba, iliyofungwa nyumbani mabao 4 kwa 0 na Mufulira Wanderers ya Zambia, imewafuata kwao ikawafunga 5 kwa 0. Na ndivyo walivyosikia mwaka huohuo kwamba bao la Peter Tino mjini Ndola limeipeleka Taifa Stars Lagos, kwenye fainali za Afrika za 1980. Mtoto aliyekulia katika hali hiyo hujifunza mpira kwanza kwa sikio, naye huuona uwanja akilini mwake kabla hajauona kwa macho. Na mimi, bila ya ithibati yoyote ila kuwatazama wachezaji kwa miaka mingi, nadhani viungo wazuri wa zama zile walipata faida katika jambo hilo, kwani kazi ya kiungo ni kujua mwenzake yuko wapi kabla hajageuka kumtazama.

Njia ya kutoka bondeni ilikuwa ya chuma. Reli ya TAZARA, iliyojengwa baina ya 1970 na 1975 kwa msaada wa China, ilipitisha treni Ifakara kwenda Dar es Salaam, na pamoja na magunia ya mchele ilibeba vijana wenye viatu vya mpira ndani ya mfuko wa rambo, wakienda kufikia kwa mjomba Temeke au Ilala. Fauka ya hayo, bonde lilikuwa na viwanda vyake vya sukari huko Kidatu, ambavyo cha kwanza kilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na panapo kiwanda cha sukari pana ajira, pana uwanja, na pana timu. Mkoa wetu wa Morogoro unaijua vema habari hii: ndugu zetu wa timu ya Mtibwa, kule Turiani, walitoka katika miwa hiyohiyo wakatwaa ubingwa wa Tanzania Bara miaka miwili mfululizo, 1999 na 2000, wakaziacha Simba na Yanga zikitafuta sababu.

Lakini Simba haikuwa mwisho wa reli ya Njohole, na hapa ndipo habari inapokuwa ya shani, kwa sababu nchi aliyokwenda ilikuwa imekwisha kufika Ifakara kabla yeye hajazaliwa.

Uswisi ni nchi ndogo iliyoacha alama kubwa mjini hapa. Mapadre na mabruda Wakapuchini kutoka kule ndio walioiimarisha misheni, na hospitali ya Mtakatifu Fransisko ikakua mikononi mwao na mwa masista mpaka ikawa kimbilio la watu wa Kilombero, Ulanga na Malinyi. Profesa Rudolf Geigy wa Basel, mtaalamu wa wanyama na wadudu waletao maradhi, alifika mwaka 1949 akalipenda bonde kwa sababu ambayo wenyeji wangelichukia kwayo, yaani wingi wa mbu, papasi na mbung'o wake. Na mwaka 1957 akafungua maabara ambayo baadaye, baada ya kupita katika majina kadhaa na kukabidhiwa wenye nchi, ikawa Taasisi ya Afya Ifakara inayojulikana leo duniani kwa utafiti wa malaria. Mwaka 1961 kikaanzishwa pia kituo cha kuwafundisha vijana wa Kitanganyika kazi za tabibu. Kwa muda wa miaka mingi, basi, biashara ya elimu baina ya nchi hizi mbili ilikwenda upande mmoja: Mswisi alikuja Ifakara akafundisha, na kijana wa Ifakara akaketi akasikiliza. Njohole ni miongoni mwa wachache walioigeuza njia hiyo, akaenda yeye akawafundisha watoto wa Waswisi.

Tena hakwenda Basel, ambako lugha ni Kijerumani, na ambako jina la Ifakara pengine lingemfungulia mlango mmoja au miwili. Alikwenda Yverdon-les-Bains, mji wa watu wasemao Kifaransa katika jimbo la Vaud, penye ncha ya kusini ya ziwa Neuchâtel, wenye wakazi kama 30,000 na chemchemi za maji ya moto ambazo Warumi walikwisha kuoga ndani yake. Katikati ya mji pana ngome ya kale, na mbele yake pamesimama sanamu ya mzee mmoja akiwa pamoja na watoto wawili. Huyo ni Johann Heinrich Pestalozzi, aliyeendesha shule yake ndani ya ngome hiyo tangu 1805 hata 1825, naye ndiye aliyewafundisha Wazungu wa zama zake, waliozoea kumkaririsha mtoto kwa fimbo, kwamba mtoto hufunzwa kichwa, moyo na mikono kwa pamoja, na kwamba huanza na kile anachokiona na kukigusa kabla ya kile anachoambiwa. Sijui mji mwingine wa ukubwa ule ambao mlezi wa wachezaji wadogo angeweza kufanyia kazi chini ya jicho la shahidi kama yule.

Klabu yenyewe ni ya kupanda na kushuka. Mwaka 2001 ilifika fainali ya Kombe la Uswisi ikafungwa na Servette ya Geneva mabao 3 kwa 0. Mwaka 2005 ilipanda daraja la juu, na mwaka uliofuata ikashuka. Mchezaji wa kigeni katika klabu ya namna hiyo hapati utajiri wa kusimuliwa. Hupata mshahara wa kutosha, nyumba ya kupanga, majirani wanaomsalimu kwa adabu bila ya kumwuliza habari za nyumbani, na majira ya baridi ambayo ligi husimama kabisa tangu Desemba mpaka theluji ipungue, miezi ambayo mwana wa bonde la joto hufanya mazoezi ndani ya ukumbi na kujiuliza kama misuli yake bado ni yake. Anayevumilia hayo misimu miwili mitatu huwa amepata kitu kingine kisichoandikwa katika mkataba: amejifunza lugha, amejua vijana wa mji kwa majina, na wazazi wao wamemzoea. Siku miguu inapoanza kuchelewa, klabu haina haja ya kutangaza nafasi ya mwalimu.

Kazi hiyo ya kulea wachezaji wadogo wengi hudhani ni pumziko la mstaafu, ilhali ni kazi iliyo mbali na kucheza zaidi ya ilivyo mbali na ukulima. Aliyekuwa hodari uwanjani mara nyingi hajui alifanyaje. Alipiga pasi ile kwa sababu aliiona, na akiulizwa na mtoto wa miaka kumi aliionaje, hana jibu. Ndiyo maana washambuliaji mashuhuri aghalabu huwa walimu wakali na wasio na subira, na ndiyo maana mimi humpendelea kiungo katika kazi hii, kwa vile katika maisha yake yote alikuwa akiwahudumia wengine wafunge. Mwalimu wa watoto hupunguza uwanja ili kila mmoja aguse mpira mara nyingi. Huwapa mpira mdogo ulio saizi ya mguu wao. Huwapanga wachache kwa wachache, kwani katika uwanja mkubwa wenye watoto 22 wawili watatu walio na nguvu hucheza na waliosalia hukimbia tu. Naye huyaona matokeo ya Jumamosi kuwa jambo dogo kuliko yule mtoto mwoga aliyethubutu, kwa mara ya kwanza, kugeuka na mpira badala ya kuurudisha nyuma. Ni elimu ya Pestalozzi ndani ya jezi.

Chandimu ya mabuani, kwa hakika, ilikuwa imekwisha kuyafanya mengi ya hayo bila ya mwalimu. Uwanja ulikuwa mdogo kwa sababu nafasi ilikuwa ndogo, wachezaji wachache kwa sababu mpira wa matambara haukuwatosha wengi, na mtoto aligeuka na mpira kwa sababu aliyemkaba alikuwa na visigino vigumu. Kinachokosekana kule bondeni si mchezo. Kinachokosekana ni mtu mzima anayelipwa kuwapo, na kalamu ya kuandika nani alikuwapo.

Nieleze neno hili la kalamu, kwa kuwa ndilo hasa ninalolikusudia. Uswisi ina mpango wa serikali uitwao Vijana na Michezo, ulioanza mwaka 1972, ambao huwafunza walimu wa watoto katika michezo mingi na kuwapa hati, kisha huzisaidia klabu kwa fedha kwa kadiri ya watoto wanaohudhuria mazoezi. Kwa hiyo mwalimu wa Yverdon, afikapo uwanjani, hufanya mahudhurio kama afanyavyo mwalimu wa shule. Jina lisipoandikwa, fedha haiji. Jambo hilo laonekana la ukarani, nalo ni la ukarani kweli, lakini tazama matunda yake. Mwezi Novemba 2009 vijana wa Uswisi walio chini ya miaka 17 walikwenda Nigeria kwenye Kombe la Dunia la umri wao, wakawafunga wenyeji bao 1 kwa 0 katika fainali mjini Abuja, bao la Haris Seferović, nao wakarudi na kombe. Katika kikosi kile mlikuwamo Granit Xhaka na Ricardo Rodríguez, na wengi wao walikuwa watoto wa wahamiaji, ambao baba zao walitoka nchi za Balkani, Hispania, Tunisia na kwingineko. Mahudhurio hayakuwauliza nasaba.

Sisi tulijifunza thamani ya daftari kwa njia ya uchungu, kisha kwa njia ya bahati. Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana, walipofuzu kwenda fainali za Afrika za vijana zilizochezwa Gambia mwaka 2005, waliondolewa kwa kumtumia mchezaji aliyezidi umri, na Zimbabwe ikakaa mahali petu. Miaka 12 baadaye gurudumu liligeuka: Congo Brazzaville, iliyokuwa imetutoa, ilishindwa kumleta mchezaji wake apimwe umri, na Serengeti Boys ya mwalimu Bakari Shime ikapewa nafasi ya kwenda Gabon mwaka 2017, ambako ilitoka sare na Mali, ikaifunga Angola, kisha ikafungwa na Niger. Mara zote mbili hatima iliamuliwa na karatasi, mara moja ikiwa dhidi yetu na mara moja ikiwa upande wetu, na katika zote mbili miguu ya vijana haikuulizwa.

Wako wazee wetu waliojaribu kulea wachezaji wadogo. Abdallah Kibadeni, ambaye mabao yake matatu katika ushindi wa Simba wa 6 kwa 0 juu ya Yanga tarehe 19 Julai 1977 yangetosha kumlisha sifa mpaka mwisho wa uhai wake, na ambaye kama kocha aliifikisha Simba fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993, hakuridhika na kukaa kijiweni akisimulia. Alianzisha shule yake ya mpira huko Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, akaingia katika vumbi na watoto. Taadhima tunayompa kwa mabao yale matatu ni kubwa, na inamstahiki. Lakini ukiwauliza mashabiki kumi, tisa watakusimulia habari za 1977, na wa kumi ndiye pengine atakayeijua Chanika. Mizani hiyo naiona haiko sawa, maana mabao matatu yalikwisha siku ileile.

Nako kutokujua huko kuna gharama inayohesabika kwa fedha. Tangu mwaka 2001 kanuni za FIFA zinataka kwamba kijana anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa, au anapohamia nchi nyingine kabla ya kutimiza miaka 23, klabu zilizomfundisha tangu mwaka wake wa 12 hadi wa 21 zilipwe fidia. Na kila anapouzwa kwa ada akiwa ndani ya mkataba, asilimia 5 ya ada hiyo hugawiwa klabu zilizomlea kuanzia miaka 12 hadi 23. Mwishoni mwa 2022 FIFA ilifungua ofisi maalumu mjini Paris ya kupitishia malipo hayo, ili klabu ndogo isilazimike kubisha hodi kwa klabu kubwa. Ni kanuni ya haki, na kama zilivyo kanuni za haki zote, huwafaidi walio na risiti. Klabu ya ndondo ya Lipangalala au Kibaoni, iliyomlea kijana miaka mitano bila ya kusajiliwa wala kumsajili, haimo katika hesabu. Pasi ya mchezaji huyo itaanzia Dar es Salaam, siku aliposhuka kwenye treni, kana kwamba kabla ya hapo hakuwa na mguu. Aliyemfunza kugeuka na mpira, mwalimu wa shule ya msingi au fundi cherehani mwenye mapenzi na mchezo, hatajulikana Paris, wala Dodoma, wala pengine katika ofisi ya chama cha mpira cha wilaya yake mwenyewe.

Ajabu ni kwamba ugonjwa huu wa kutoandika haupo Ifakara katika mambo mengine. Mwezi Septemba 1996 wataalamu wa afya wa mjini hapa walianza kupita nyumba kwa nyumba katika vijiji 25 vya Kilombero na Ulanga, wakirudi kila baada ya miezi minne, wakiandika nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahamia na nani kaondoka. Kwa daftari hilo waliweza kujua, katika miaka iliyofuata, kwamba vyandarua vilivyotiwa dawa vilikuwa vinaokoa watoto kweli, nalo limetajwa katika vyuo vya mbali ambako watu hawajui hata treni inapita siku gani. Maana yake ni kwamba bonde hili, ambalo mpira wake hauna rejesta ya mtoto hata mmoja wa miaka 12, ni miongoni mwa sehemu za Afrika ambazo kuzaliwa kwa mtoto wa kijijini kumeandikwa kwa uangalifu mkubwa, nyumba kwa nyumba. Elimu ya kuandika ililetwa kwa ushirika na nchi ileile ambako Njohole alikwenda kufundisha, nayo imekaa hapa mjini, umbali wa mwendo wa baiskeli kutoka viwanja vya ndondo, bila ya mtu wa mpira kwenda kuiazima.

Daftari la mpira la namna hiyo halihitaji fedha nyingi. Halmashauri ya Mji wa Ifakara, chama cha mpira na shule za msingi zingeweza kuanza na majina ya watoto wanaotimiza miaka 12 mwaka huu, timu zao, na mtu mzima mmoja kwa kila timu aliyepelekwa kusoma leseni ya D ya CAF, ambayo ndiyo ngazi ya chini kabisa na haitaki mtu awe amewahi kucheza Simba. Mkazo uwe kwa huyo mtu mzima, alipwe posho, hata iwe ndogo, ili kuwapo kwake kuwe wajibu na si hisani. Na kama ni kutafuta wa kuwapeleka, hawako mbali: kijana aliyezaliwa katika vijiji vile mwaka ambao daftari la afya lilifunguliwa leo anakaribia miaka 30, umri ambao kiungo wa ndondo, aliyeachwa na treni ya Dar es Salaam mara mbili au tatu, huanza kufikiri atafanya nini mpira ukimwacha.